Hesabu Isiyotaja Jina

Darasani aliingia akiwa ameshaanza kusema. Sentensi ya kwanza aliianzia kwenye korido, ya pili ilimkuta mlangoni, na aliyekuwa bado anatafuta kiti alikuwa tayari amepitwa. Tulimwita Mwalimu. Chuo kilikuwa na walimu wengi, wengine wenye vyeo virefu kuliko chake, lakini mtu akisema "Mwalimu anakuja" hakuna aliyeuliza yupi.

Alifundisha mifumo endeshi, yaani ile programu kuu inayosimamia kompyuta nzima, na hasa sehemu yake ya ndani kabisa. Sisi tulizoea kuitaja sehemu hiyo kwa Kiingereza. Yeye aliiita kiini, na aliyemjibu kwa Kiingereza alijikuta anarudia jibu lake tangu mwanzo. Kwa maneno alikuwa mgomvi. Tukisema tumeandika "kodi", alitukatiza. "Msimbo. Ukienda mtaani ukasema unaandika kodi, watu watafunga maduka." Hakucheka aliposema hivyo. Kesho yake yeye mwenyewe angesema "hii softwea" bila kujishtukia, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sweta ya kijivu aliyoivaa Juni upepo wa Dodoma unapokata mashavu, na Novemba jua linapochoma hadi lami inanata. Miwani aliitundika shingoni kwa kamba ya kiatu. Ujumbe wake wa simu ulikuwa na vituo vyote na herufi kubwa mahali pake, hata ukiwa wa maneno mawili. "Nimesoma. Hapana." Nilipokea ule mara nyingi.

Nyumbani kwake Area D alikuwa amepanda mizabibu kando ya ukuta. Aliimwagilia na kuipogoa kwa bidii kuliko majirani zake wote, kisha zabibu zilipoiva aliziacha ndege wazile. Nilimuuliza siku moja kwa nini hazivuni.

"Nilitaka kuona kama itashika kwenye udongo huu," alisema. "Imeshika."

Alikuwa hivyo kwa mengi. Swali likishapata jibu, lilimchosha. Hata kwaya ya kanisani alikoimba sauti ya pili alipenda siku za kujifunza wimbo mpya. Jumapili yenyewe ya kuuimba alifika amechelewa, na alikaa karibu na mlango.

Kuhusu makosa alikuwa na mafundisho mazuri. Alisema mhandisi asiyekosea hajafanya kazi, na kwamba kosa ni habari, si aibu. Tuliyaandika maneno hayo na wengine tuliyaamini. Lakini nakumbuka mwanafunzi mmoja wa mwaka wetu aliyenyoosha mkono na kumwonyesha kwamba mstari mmoja ubaoni haukuwa sahihi. Mwalimu aliutazama, akaufuta, akaandika upya, akasema, "Ahsante, umefanya vizuri." Kisha hakumwita tena yule kijana kujibu swali lolote hadi muhula ukaisha. Sidhani kama alikusudia. Nadhani macho yake yalikuwa yanamruka tu.

Jambo alilolifundisha kwa mapenzi kuliko yote lilikuwa hesabu za kiini. Ndani ya kiini kuna vitu vinavyotumiwa na wengi kwa wakati mmoja, na kila kitu kina hesabu yake. Sehemu ya programu inayoanza kukitumia huongeza moja. Inayomaliza hupunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, kiini kinajua hakuna anayekihitaji, kinakiondoa na nafasi yake inapewa mwingine. Ni utaratibu mdogo na mzuri, na unaharibika kwa njia mbili. Sehemu moja ikichukua isirudishe, kitu hakiondolewi kamwe. Vinarundikana hadi kumbukumbu inajaa na mashine inaganda. Sehemu nyingine ikirudisha mara mbili, kitu kinaondolewa mwenzake angali anakitumia, na hapo chochote kinaweza kutokea.

"Na ubaya wake," alisema, akigonga ubao kwa kidole, "hesabu inakuambia wangapi. Haikuambii nani."

Tulipomaliza chuo, mimi na Rehema, aliyekuwa mwanafunzi wake bora na wote tulilijua hilo, tulipata kazi kwenye karakana moja ndogo mjini. Karakana ilitengeneza vidhibiti vya pampu za maji za vijijini: kisanduku chenye kompyuta ndogo kinachopima kina cha maji kisimani na kwenye tangi, kisha kuwasha na kuzima pampu. Mwalimu alikuwa mshauri pale, na alikuwapo kabla yetu. Sehemu ya kale kuliko zote kwenye msimbo wetu, ile inayozungumza na kipimo cha maji, aliiandika yeye, miaka mingi nyuma. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Ilifanya kazi.

Kisha Rehema, akipitia sehemu yake mwenyewe, aligundua kwamba kuna mahali anapunguza hesabu mara mbili. Alijicheka, akasahihisha, akatuonyesha. Mwalimu alitazama sahihisho lile kwa muda mrefu.

"Ni sahihi," alisema. Akavaa miwani, akavua. "Ni sahihi kabisa."

Tukapeleka toleo jipya vijijini. Baada ya siku kadhaa visanduku vikaanza kuganda.

Kijiji cha Haneti ndiko kulikokuwa na shida kubwa zaidi, kwa sababu ya mtu mmoja aliyeitwa Elia. Elia ndiye aliyetunza pampu ya kijiji. Kisanduku kikiganda, pampu ilisimama kwa usalama wake, na dawa pekee ilikuwa kuzima umeme wake na kuwasha tena. Kwa hiyo kila pampu iliposimama, Elia alionekana amesimama karibu na swichi. Mashine ikishawashwa upya haikumbuki kitu, haiwezi kumtetea mtu. Na shemeji yake Elia alikuwa na mkokoteni wa punda wa kuuza maji. Watu wa Haneti hawakuhitaji kuambiwa zaidi.

Mimi na Mwalimu tulikwenda huko mara ya kwanza mambo yalipoanza kuchacha. Kamati ya maji ilikuwa imekaa kwenye darasa la shule. Tukasalimia, "Mbukwenyi," wakaitikia kwa upole, maana Wagogo hawanyimi mtu salamu hata wakiwa na hasira naye. Mwenyekiti akauliza moja kwa moja kama mashine inaweza kuzima yenyewe.

Mimi nilimtazama Mwalimu.

"Tunachunguza," alisema.

"Mwalimu, sisi tunauliza inaweza au haiwezi?"

"Tukishapata ushahidi tutawaambia. Sipendi kusema nisichoweza kukionyesha."

Elia alikuwa kwenye dawati la nyuma, mtu mrefu, magoti yamegusa ubao wa dawati. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Siku ile ile kamati ilimwondoa kwenye pampu, "kwa muda", na funguo akapewa mwingine.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia Mwalimu kwamba pengine tungeweza kusema neno moja la kumsaidia. Alitazama nje, mashamba ya uwele yakipita.

"Neno bila ushahidi ni maoni," alisema. "Wao tayari wana maoni."

Nililiona jibu hilo kuwa la kiungwana. Nililirudia kwa watu.

Mjini, mkurugenzi wetu alikuwa na dawa yake. Alikuwa mtu mwenye haraka lakini si mbaya. Alituita wote akasema:

"Kabla ya sahihisho la Rehema vilikuwa vinafanya kazi. Baada ya sahihisho vinaganda. Mimi si mtaalamu, ila hapo mnataka nielewe nini? Lirudisheni lilivyokuwa."

Rehema alikuwa ameinamisha kichwa. Kwenye karakana watu walishaanza kumtania, "Fundi wa kugandisha," na yeye alishaacha kula pamoja nasi mchana.

"Usirudishe," Mwalimu alisema. "Sahihisho la Rehema ni sahihi."

"Mwalimu, sahihi linaharibuje?"

"Kwa sababu kuna kosa jingine ndani. Mmoja alikuwa anachukua bila kurudisha, Rehema alikuwa anarudisha mara mbili, na makosa mawili yakawa yanafichana. Rehema ameondoa la kwake. Ukilirudisha hujaponya kitu, umefunika. Siku moja hayatalingana, na kiini kitaondoa kitu ambacho pampu bado inakitumia. Utakuja kuniuliza tena, na safari hiyo pampu itakuwa imeungua."

"Basi litafute hilo jingine."

"Hesabu haitaji jina. Nipeni nafasi niongeze ufuatiliaji."

Alimaanisha hivi: badala ya kuacha hesabu ipande na kushuka kimyakimya, kila anayeongeza aandikwe, ni sehemu gani ya programu na imepitia wapi kufika pale, na kila anayepunguza aandikwe vilevile. Kusema ni rahisi. Ndani ya kiini, hata kuandika kunahitaji nafasi na muda, na mashine yetu haikuwa na vya kuchezea. Jaribio la kwanza tulilifanya mimi na Rehema, na lilikuwa kichekesho: mwandishi wetu mwenyewe alitumia vitu vyenye hesabu, kwa hiyo kila alipoandika alijiandika, na kujiandika kule kukaandikwa, hadi kisanduku kikaganda kabla hata hakijapima maji.

Mwalimu alikuja asubuhi yake, akavuta kiti, akafanya kazi na Rehema bega kwa bega. Sijawahi kumwona akiwa na furaha kama siku zile. Alitenga nafasi maalumu ya kuandikia tangu mashine inapowaka, isiyoongezeka na isiyotegemea hesabu ya mtu. Kisha Rehema akaleta wazo lililokuwa zuri kuliko yote: kila anayechukua apewe alama, na akirudisha lazima arudishe na alama ile ile. Alama zikikutana zinafutwa. Kitakachobaki ni waliochukua bila kurudisha, basi.

"Hilo," Mwalimu alisema, akampiga Rehema kofi dogo begani, "ningetaka niwe nimeliwaza mimi."

Tulikiacha kisanduku kikifanya kazi mezani, tumekiwekea ndoo na kipimo cha maji kama kiko kisimani. Mchana mmoja, wengine wakiwa wamekwenda kula, kikaganda. Rehema akachota yale yaliyobaki kwenye ile nafasi, akayaweka kwenye skrini. Yalikuwa mengi, na yote yalifanana. Mistari yote ilitaja mahali pamoja.

Rehema alisogeza kiti chake kidogo ili Mwalimu aone.

"Soma kwa sauti," Mwalimu alisema.

"Mwalimu, unaweza kusoma mwenyewe."

"Miwani iko mbali. Soma."

Miwani ilikuwa kifuani pake. Rehema akasoma jina la sehemu ile. Ilikuwa sehemu ya kipimo cha maji. Kipimo kikichelewa kujibu, programu ilikata tamaa na kuondoka, na katika kuondoka ilisahau kurudisha ilichokichukua. Mstari mmoja ulikosekana. Ulikuwa umekosekana miaka yote.

"Hiyo ni yangu," Mwalimu alisema.

Akauandika mstari ule uliokosekana, pale pale, kwa vidole viwili kama alivyozoea. Akaufunga mkoba wake. Akamwambia mkurugenzi aliporudi kutoka kula: "Kosa lilikuwa langu. Kesho nakwenda Haneti kuwaambia." Mkurugenzi akasema haina haja, watapeleka toleo jipya na mambo yataisha. Mwalimu akasema kuna haja.

Alisimama mbele ya watu kwenye darasa lile lile. Safari hii hapakuwa na kamati tu, walijaa hadi madirishani. Hakuzunguka. "Elia hakuizima pampu. Mashine ilikuwa inajizima kwa sababu ya kosa kwenye maandishi yake, na aliyeandika ni mimi. Nimekuja kuomba radhi kwenu, na kwake." Mzee mmoja akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata. Wakamsifu. Mwanamke aliyesoma namna ile, alisema mwenyekiti, kuja kusimama na kusema ni mimi, wangapi wanaweza?

Elia hakuwapo. Walimtuma mtu kumwita, akaja, akasikiliza, akapewa funguo zake mbele ya umati. Alizipokea kwa mikono miwili kwa heshima, kisha akaziweka juu ya meza ya mwenyekiti.

"Nashukuru," alisema. "Nimpe nafasi mwingine."

Baada ya mavuno alihama na familia yake. Tulisikia amepata kibarua kwenye ukarabati wa reli, Gulwe.

Ufuatiliaji ule tuliubakiza. Hauwashwi siku zote, kwa sababu unapunguza mwendo, lakini upo. Kisanduku kikianza kuugua tunauwasha, na tumewahi kukamata makosa mengine kwa njia hiyo, yakiwemo yangu. Rehema aliondoka kwenda kazi nyingine Arusha. Mwalimu alistaafu. Mimi habari ya Haneti nikawa naisimulia kwa vijana wapya wanaoanza kazi, kama mfano wa mhandisi mwaminifu. Niliisimulia vizuri, na ile sehemu ya makofi niliipenda.

Mwaka jana nikapata ujumbe wa Mwalimu. "Jumamosi tunakwenda Gulwe. Vaa viatu vya kutembea." Hakuuliza kama nina nafasi.

Nilimkuta stendi amekaa kwenye kiti cha mbele cha basi la Mpwapwa, mfuko wa zabibu mapajani. Alikuwa amepungua, na sweta ilimzidi. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba. Kaa." Karibu na Mpwapwa ndipo aliposema:

"Nasikia unasimulia habari zangu."

"Nzuri, Mwalimu."

"Ndiyo tatizo. Unawaambia niliposimama siku ile. Huwaambii kwamba nilikuwa najua."

Sikuelewa. Akanieleza kwa sauti ile ile ya darasani, bila kupunguza wala kuongeza. Siku Rehema alipotuonyesha sahihisho lake, alijua lazima kuna mwingine anayechukua bila kurudisha. Na sehemu pekee iliyokuwa ya kale kiasi cha kulificha kosa la Rehema tangu mwanzo ilikuwa yake. Kuifungua na kuisoma kungemchukua muda wa kunywa chai. Hakuifungua.

"Nilikwenda Haneti ile mara ya kwanza nikiwa najua," alisema. "Wakaniuliza inaweza au haiwezi. Nikawaambia habari za ushahidi."

"Lakini wewe ndiye uliyetaka ufuatiliaji. Ungeweza kukubali sahihisho lirudishwe, kosa lako lisionekane kamwe."

"Hilo nisingeliweza, lilikuwa baya kihandisi. Lakini kusema pia sikuweza. Nikataka mashine iseme, nisiseme mimi." Akaweka mfuko wa zabibu vizuri. "Na zile wiki zote Rehema anataniwa, na yule bwana anazomewa kisimani. Rehema nimemwandikia. Elia hana wa kumsomea barua zangu kwa sauti ninayotaka, kwa hiyo twende."

Kutoka Mpwapwa tulipanda gari dogo, kisha tukatembea. Elia alikuwa nyuma ya nyumba yake, anatengeneza zizi la mbuzi. Mvi zilikuwa zimemwingia. Alimtambua mara moja.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Elia. Habari za hapa?"

"Nzuri tu. Karibuni." Akatoa vigoda viwili. Yeye alibaki amesimama.

Mwalimu alimwambia yote, kama alivyoniambia mimi ndani ya basi, kwa maneno yasiyo ya kompyuta. Hakulia wala hakujitetea. Elia alisikiliza akiwa ameshika kamba ya katani mkononi, na Mwalimu alipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Ile siku ya kwanza darasani, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mke wangu alikuwa dirishani," Elia alisema. "Alikuja kukusikiliza. Aliniambia asubuhi, huyo mama msomi akisema mashine, basi ni mashine. Ukasema mnachunguza." Akaiviringisha kamba. "Tulipofika nyumbani akaniuliza. Yeye mwenyewe, Mwalimu. Akaniuliza kama nilizima."

Akaitundika kamba kwenye zizi.

"Sasa unataka nikufanyie nini?"

"Hakuna. Nilitaka usikie kwangu."

"Nimesikia."

Mbuzi walilia. Ndani ya nyumba mwanamke alikuwa anatwanga, na kutwanga kule hakukusimama hata mara moja tangu tulipofika. Elia alitazama jua.

"Gari la kurudi Mpwapwa hupita saa nane," alisema. "Likiwapita hilo mtalala njiani."

Akauchukua mkoba wa Mwalimu, akatangulia mbele yetu hadi barabarani. Alitembea polepole, kwa ajili yake, na penye korongo alisimama akampa mkono avuke. Zabibu zilibaki juu ya kigoda. Gari lilipokuja alimpandisha, akamwekea mkoba miguuni, akamwambia dereva aendeshe taratibu kuna mtu mzima. Kisha akageuka akaondoka kabla gari halijaanza kusogea.

Gari likashika njia. Nilikuwa natafuta neno la kumfariji na nilikaribia kulipata aliponizuia kwa mkono.

"Umemsikia?" alisema. "Hakusema haina shida."

Katika nchi hii mtu ukimkanyaga mguu anakuambia haina shida. Nilikubali kwamba hakusema.

"Nimeshukuru sana," Mwalimu alisema, akaegemeza kichwa kwenye kioo.